Aliyetakiwa Barazani

Barua ilikuja Jumatano, na kwa kawaida ya nyumba yetu niliifungua mimi. Haikuwa na jina la mtu. Juu ya bahasha waliandika "Kwa kaya ya nyumba namba" fulani, ikafuata namba yetu, basi. Nilidhani ni watu wa maji wanatuarifu tena kwamba watakata kwa siku tatu. Nikaisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikamsomea mke wangu kwa sauti, maana jambo likikataa kuniingia kwa macho huwa najaribu kuliingiza kwa masikio.

Mke wangu alikuwa sebuleni anamsuka mama yangu. Mama alikaa kwenye kigoda, shingo imeinama, macho kafumba.

Barua ilisema hivi. Halmashauri imebishana miaka miwili kuhusu jengo la posta ya zamani. Nusu yao wanataka liwe maegesho ya magari. Nusu wanataka liwe kituo cha kutwa cha wazee, yaani wazee wanaohitaji kuangaliwa wapelekwe asubuhi, wachukuliwe jioni. Kwa kuwa wameshindwa kuelewana, wameamua kuwauliza wananchi, lakini si kwa uchaguzi. Watachukua watu arobaini kwa bahati nasibu, wakae Jumamosi nne, wasikilize wataalamu, wapige kura, na halmashauri imeapa kufuata watakachosema. Kaya yetu, ikasema barua, imeangukiwa na kura.

"Imetuangukia?" mke wangu akauliza. "Kama tofali?"

"Sikiliza kwanza. Wanasema aende mtu mzima mmoja tu, yule ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo inayofuata."

"Inayofuata nini?"

"Inayofuata leo. Aliye karibu kuzaliwa."

Tukatazamana. Yangu ilikuwa imepita miezi miwili. Ya mama hakuna aijuaye. Alizaliwa mwaka wa mvua nyingi, na hiyo si tarehe. Ya mke wangu ilikuwa baada ya wiki tatu.

"Basi ni mimi," akasema, akacheka mpaka kitana kikamponyoka. "Mimi nikakae ukumbini Jumamosi nne, mikono mapajani! Na huyu nimwache na nani? Wewe?"

Nikacheka naye. Ndiyo, nilicheka. Wazo la mimi kushinda na mama kutwa lilitufurahisha sote wawili, na mama mwenyewe akafumbua macho, akatabasamu bila kujua tunachocheka.

Hatukujadiliana zaidi ya hapo. Mikutano ya nyumba hii nimekuwa nikienda mimi tangu tuoane: ya shule, ya mtaa, ya misiba, ya mitaro. Mkutano ni mkutano. Nikajaza fomu iliyokuja na barua kwa maelezo yangu mwenyewe, mwanaume, miaka hamsini na minane, nimesoma kiasi, kinyozi, nimejiajiri. Sikudanganya hata neno moja. Suala la siku ya kuzaliwa lilikuwa kwenye barua tu, fomu haikuuliza. Ningeulizwa ningesema.

Nisiwafiche, nilikuwa na shida yangu na kituo kile. Mke wangu alikuwa mkata nguo kwenye karakana ya sare za shule kwa miaka kumi na minne. Akiweka vitambaa tabaka thelathini mezani anavikata kwa mara moja, na hakuna sare inayotoka na mkono mfupi. Aliacha miaka mitatu iliyopita, asubuhi ile mama alipotoka na nguo za kulalia tukamkuta kituo cha basi, anangoja basi la kumrudisha kwa wazazi wake waliokufa zamani. Tangu siku hiyo lazima awepo mtu. Sasa mwezi huu huu wa barua, mama mwenye karakana akapiga simu: msimamizi wa wakataji anastaafu, na kiti hicho hataki kumpa mwingine. Atamngoja mke wangu hadi mwisho wa mwezi unaofuata, baada ya hapo atachukua mtu yeyote. Mke wangu alimaliza simu ile, akaingia jikoni, nikamsikia anaimba. Miaka mitatu sijamsikia akiimba. Jengo la posta lilikuwa limeshakarabatiwa, linangoja tu kupewa kazi, na Jumamosi ya mwisho ya baraza ilikuwa siku mbili kabla ya mwezi huo kuisha. Kwa hiyo nilikwenda nikiwa na nia moja: kituo kipatikane, mke wangu arudi mezani kwake.

Jumamosi ya kwanza tulikusanyika ukumbi wa chuo cha ufundi. Meza za duara, watu watano watano, kila mtu na kadi shingoni yenye namba. Mimi nilikuwa ishirini na saba. Kushoto kwangu alikaa dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa tumbo na maneno, na tangu asubuhi ile mimi nikawa namwita Dereva, yeye akaniita Kinyozi.

Akasimama mama mmoja mwembamba, miwani yake ina kamba, akasema yeye ni mtu wa takwimu. Moyoni nikampa jina la Bi Takwimu. Akatuonyesha ukutani safu mbili, moja imeandikwa "Mji", nyingine "Ukumbi". Mjini wanawake ni hamsini na wawili kwa kila mia; ukumbini ni ishirini na mmoja kati yetu arobaini, yaani ni kama sawa. Vijana sawa. Wazee sawa. Waliosoma na wasiosoma sawa. Wa milimani na wa bondeni sawa. Safu zile zilifanana kama pacha.

"Nyinyi si wajumbe wa mtu yeyote," akasema. "Nyinyi ni mji wenyewe, umepunguzwa tu ukaenea humu ndani."

Nikageuka kuutazama mji. Niliona watu wengine wanapiga miayo, mmoja anatafuta mahali pa kuchajia simu. Sijui kwa nini nilinyoosha mkono, ila mkono wangu haujawahi kunisikiliza.

"Sasa mimi hapa ni nani?" nikauliza.

Akatazama karatasi yake. "Ishirini na saba. Wewe ni wanaume wa miaka hamsini hadi sitini na mitano waliosoma kiasi na kujiajiri."

"Wote?"

"Kwa namna fulani, wote."

Nikakaa chini nimechanganyikiwa. Nawajua wanaume wa namna hiyo, nawanyoa. Hakuna wawili wanaokubaliana hata juu ya urefu wa ndevu. Ningewabebaje wote kichwani mwangu? Nikanyoosha mkono tena.

"Barua zilikwenda nyumba ngapi?"

"Elfu nne."

"Waliojibu?"

"Mia mbili na kumi na wawili. Kati yao ndipo tukachagua arobaini wanaofanana na mji."

Nikapiga hesabu polepole. "Na hao elfu tatu na mia saba themanini na nane?"

"Hawakujibu."

"Wako wapi?"

Bi Takwimu akavua miwani. "Nyumbani kwao, nadhani."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ingawa sikuona sawasawa kichekesho kiko wapi. Dereva akaniinamia. "Asiyekuwapo na lake halipo, Kinyozi. Waache walale."

"Si hivyo," nikamwambia. "Mimi nikitaka kujua mji unasema nini sihitaji barua elfu nne. Mji mzima unapita kwenye kiti changu."

"Mji mzima wenye ndevu," akasema Dereva.

Jioni nilimsimulia mke wangu habari ya safu mbili na vile nilivyogeuzwa kuwa wanaume wote. Alikuwa anakunja mashuka, mengi, mikono inakwenda yenyewe. Akauliza tumefikia wapi kuhusu kituo. Nikamwambia bado, kwanza tunajuana. Akasema, "Haya," akaendelea kukunja. Nilipofika kwenye maneno ya Dereva kuhusu ndevu nikageuka nione kama atacheka, nikamkuta amelala amekaa, shuka mkononi.

Jumamosi ya pili walikuja wataalamu. Bwana mmoja wa maegesho alizungumza saa nzima juu ya magari yanavyoziba barabara ya soko, na kwa kweli alizungumza vizuri, hata mimi nikaanza kuyaonea huruma magari. Baadaye akaja muuguzi akaeleza maradhi ya kusahau. Halafu mwenyekiti wa vikao akauliza ni nani kati yetu anaishi nyumba moja na mzee wa namna hiyo.

Tukanyoosha mikono watu watano. Wanaume wanne na binti mmoja mwanafunzi anayeishi kwa bibi yake wakati wa likizo.

"Mtueleze," akasema mwenyekiti. "Maisha yakoje?"

Wa kwanza akasema kwao hakuna shida kubwa, baba yake ni mtulivu. Wa pili akasema wamezoea. Binti akasema bibi yake anachekesha. Dereva, ambaye mama mkwe wake anaishi kwake, akasema yule mama ni kama malaika, hasikiki. Nilipofika mimi nikasema mama yangu yuko safi, nguo zake zimepigwa pasi, jioni tunakunywa chai pamoja, na ananiita kwa jina la marehemu baba lakini kwa mapenzi.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa siku mnakaa nao saa ngapi?"

Dereva akamkodolea macho. "Mimi? Mke wangu yupo."

Kuna kitu hakikunikaa sawa hapo. Nasema kweli, nilikihisi. Tulikuwa watano tunaojua habari hiyo, na kwa kutusikiliza sisi ungedhani wazee hawa wanajilea wenyewe. Kama hakuna shida, mbona mke wangu analala na shuka mkononi? Lakini wazo likaja likapita, wakati wa chai ukawadia, na sambusa zikaletwa.

Nikamfuata Bi Takwimu kwenye birika. "Samahani, mama. Kwenye zile safu zako, wanaokaa nyumbani kuangalia wagonjwa wako wapi?"

"Hakuna safu yao," akasema. "Sensa inawaandika hawana kazi. Ukumbini tuna watu watatu wasio na kazi, kama inavyotakiwa."

Nikawatafuta kwa macho. Wawili walikuwa vijana waliomaliza chuo wanatafuta ajira. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa nyumba kubwa za milimani, mwenye mtumishi jikoni na mwingine bustanini, ambaye hakuwa na kazi kwa maana halisi ya neno.

"Sasa hawa ndio wao?" nikauliza.

"Kwa namna fulani."

Hapo ndipo nilipotaka kumwambia. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno: mama, mimi siye, aliyetakiwa ni mke wangu, siku yake ya kuzaliwa ni Jumanne ijayo. Lakini nikaogopa. Nikisema wataniondoa, na kwa kuwa vikao vimeshaanza hawatachukua mtu mwingine, na kituo kitakuwa kimepoteza kura moja, tena kura ya mtu mwenye mama ndani. Nitakuwa nimemsaidia nani? Nikamimina chai, nikanyamaza. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa ajili yake au kwa ajili ya kadi ile shingoni, maana nilikuwa nimeanza kuipenda. Nikipita nayo sokoni watu wananisalimia mara mbili.

Dukani nako nilikuwa mtu mwingine. Mteja akikaa namfunga kitambaa shingoni, namuuliza: maegesho au kituo? Wakati wembe uko kooni watu wengi hukubaliana na kinyozi. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimehesabu thelathini na tatu wa kituo kwa wanne wa maegesho, na mwenzangu wa kiti cha pili akanitania kwamba hao wanne ni wale waliokuja kunyolewa kwake.

Jumamosi ya tatu tukaletewa karatasi ya masharti. Kituo kikichaguliwa, wahudumu ni sita tu. Kwa hiyo kuna njia mbili. Njia ya kwanza, kipokee mzee wa hali yoyote, lakini nafasi ziwe kumi na tano. Njia ya pili, nafasi ziwe arobaini, ila kwa wazee wanaoweza kula na kwenda chooni wenyewe.

Meza zikabishana. Watu hawakujua la kusema, na mimi nawaelewa. Ni nani anayetaka kukaa ukumbini na wageni akajadili vyoo vya wazee? Mwenyekiti akasema labda wale watano watusaidie. Binti mwanafunzi hakuja siku hiyo, alikuwa na mtihani. Wengine wakatazama meza. Dereva akanisukuma kwa kiwiko.

"Muulizeni Kinyozi. Tangu siku ya kwanza anatusimulia habari za mama yake."

Nikasimama. Nakumbuka nilivuta shati.

"Mama yangu amesahau mengi," nikasema, "lakini hajasahau heshima yake. Anakula mwenyewe. Anakwenda chooni mwenyewe. Anahitaji tu jicho la kumtazama asipotee. Wazee wengi wa mji huu wako hivyo. Asiyejiweza kabisa, huyo ni wa hospitali, tusimchanganye na hawa. Mimi nasema nafasi arobaini."

Walipiga makofi. Mama wa milimani alifuta jicho. Mwenyekiti akaomba mikono, ikanyooka thelathini na moja, sharti likapita. Dereva akanipigapiga mgongoni akasema nilikosea kazi, ningekuwa wakili. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Mke wangu aliniuliza tena tumefikia wapi, nikamwambia mambo ni mazuri, tulia. Habari ya sharti sikumtajia. Sikuificha. Niliona tu halituhusu.

Jumamosi ya nne tulipiga kura kwa karatasi, tukakunja, tukatumbukiza kwenye sanduku la bati. Bi Takwimu akahesabu, na mwenyekiti akahesabu tena. Kituo ishirini na tisa, maegesho kumi na moja. Watu wakakumbatiana, hata wale wa maegesho. Tukapewa kila mtu nakala ya mapendekezo yenye muhuri. Saa kumi jioni nilikuwa nakimbia, mtu wa miaka hamsini na minane, nakimbia barabarani na karatasi mkononi. Muuza mkaa wa kona akaniuliza kama kuna moto.

Mke wangu alikuwa uani, anaanika mashuka.

"Tumeshinda!" nikapiga kelele. "Kituo kimepita! Kinafunguliwa mwezi ujao!"

Aliacha shuka likaning'inia upande mmoja. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Akanishika mkono, akaubusu kiganjani, jambo ambalo hatulifanyi mchana.

"Nilidhani unakwenda kupiga soga huko," akasema. "Nisamehe."

"Mpigie simu mama wa karakana. Mpigie sasa hivi."

Akatoa simu. Akaanza kulitafuta jina. Na mimi, kwa furaha, na kwa sababu siwezi kukaa na karatasi yenye muhuri bila kuisoma, nikaanza kumsomea. Jengo litaitwa hivi. Litafunguliwa saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kutakuwa na wahudumu sita. Litapokea wazee arobaini wanaoweza kula na kwenda chooni wenyewe, bila...

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Akaiweka simu mapajani. Mimi sikuelewa. Nilimtazama usoni nikitafuta kilichoharibika, kama unavyomtazama mteja aliyeinuka kwenye kiti kwa hasira na huoni ulipomkata.

"Nini?" nikauliza. "Mama anakwenda mwenyewe. Sivyo?"

"Mama yupi?"

"Mama. Mama yangu."

Akaelekeza kidole kwenye kamba. Nikatazama mashuka. Yalikuwa sita, na nguo za ndani za mama, na vitambaa vya pamba vilivyokatwa mraba, vimepindwa kingo vizuri kabisa kwa mkono wa mtu anayejua kazi ya nguo. Vitambaa hivyo nilikuwa navipita kila siku. Nilidhani ni vya kufutia vyombo.

"Miezi minane," mke wangu akasema. Hakupandisha sauti. "Tangu ule wakati wa baridi. Hajui tena ikija. Nambadilisha mara nne kwa siku, mara tano. Na kula namlisha. Jioni kabla hujarudi namwogesha, namvalisha, namkalisha, namshikisha kikombe kisicho na kitu, ukija mnakunywa chai. Hujawahi kuona kwamba hanywi?"

Sikuwa nimeona. Mimi huwa nazungumza.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Mara ya kwanza ilipomtokea akili yake ilikuwepo, akanishika mkono hapa, kwa nguvu, akaniambia: binti yangu, mwanangu asijue, nitakufa kwa aibu. Nikamwahidi. Ningefanyaje?"

Nilitaka kusema kitu cha kurekebisha mambo. Ndivyo nilivyo. Nikasema nitafunga duka asubuhi, nitakaa naye mimi, yeye aende karakana. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko angenitukana.

"Ukae naye umfanyie nini? Atakubali umbadilishe? Wewe, mwanawe wa kiume?"

Akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe pale kwenye sharti, midomo inacheza, kama mtu anayetafuta kosa la kushona ili alifumue.

"Watu arobaini," akasema. "Watu arobaini mmekaa Jumamosi nne. Hakukuwa na hata mmoja wa kuwaambia kwamba wazee wanaoshinda majumbani, wale wanaomzuia anayewalea asitoke hata dukani, ndio hao wasiojiweza? Hawa wa kujiendea chooni hata jirani anaweza kuwatazama. Nani aliwaambia waandike hivi?"

Ningeweza kusema ni wengi. Ningeweza kusema mikono thelathini na moja, na ingekuwa kweli. Niliangalia ile simu mapajani mwake, jina la mama wa karakana bado linawaka.

"Mimi," nikasema.

Nilingoja hasira, nikaitamani hata, lakini haikuja. Alikuwa kama mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa.

Mama akaita kutoka ndani. Hakuniita mimi, alimwita yeye, kwa sauti ndogo ya kuona haya ambayo sijawahi kuisikia, au niliisikia nikaipuuza. Mke wangu akainuka. Akavuta vitambaa viwili kwenye kamba, akavipima unyevu kwa shavu. Nami nikainuka nimfuate. Akaniwekea kiganja kifuani.

"Kaa hapa. Nilimwahidi hutaona."

Kisha akanipa simu. "Mwambie mama wa karakana asinisubiri."

"Mwambie wewe," nikamsihi. "Tafadhali. Nimeshasema vya kutosha."

"Nimwambie saa ngapi?" akasema, akaingia ndani.

Nikabaki uani. Nikabonyeza lile jina. Mama wa karakana alipokea haraka, kwa furaha, akaanza kumwita mke wangu kwa utani wao wa kazini, nikamkatiza nikasema ni mimi, mumewe. Nikamwambia mke wangu hataweza kuja, achukue mtu mwingine.

"Samahani, shemeji," akasema, "lakini neno hili ningependa nilisikie kwake. Mbona hasemi mwenyewe?"

Nikasikiliza mlango wa ndani. Maji yalikuwa yanamiminwa kwenye beseni, na mke wangu alikuwa anamwambia mama polepole ainue mguu, ndiyo, hivyo, na mwingine. Nikamwambia mama wa karakana kwamba hawezi kuja kwenye simu kwa sasa, yuko na mama yangu, na sijui atamaliza lini.